Spana zenye mshale: fita wa jeshi, karakana zake na kilichotokea Kongwa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Babu yetu mzaa mama alitoka Kongwa kwenda vitani, akarudi 1946, na kijijini wakamwita Fita mpaka anafariki. Ametuachia sanduku la mbao lenye spana, tupa na kipande cha chuma chenye pembe tatu kali. Spana zimegongwa alama ya mshale, mwaka 1943 na maandishi kama 5/16W. Mafundi wa gereji hapa Dodoma wanasema haziingii nati yoyote, tuwape wa chuma chakavu. Tunaomba kujua: fita alikuwa fundi wa nini, karakana za jeshi zilifanyaje kazi enzi hizo, na kwa nini spana hizi haziingii popote?

JIBU: Marahaba, na msiwape wa chuma chakavu. Nianze na spana.

Mshale huo ni alama ambayo serikali ya Uingereza iligonga kwenye mali yake kwa karne kadhaa, na 1943 ni mwaka wa kutengenezwa. Ni zana za jeshi, za wakati uleule babu yenu alipokuwa vitani. Zana nyingi za aina hiyo ziliuzwa kwa raia vita vilipokwisha, kwa hiyo huenda alizinunua kama fundi yeyote.

Herufi W ni Whitworth, mfumo wa nyuzi za bolti uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana tunazotumia leo huitwa kwa upana wa mdomo: spana ya 13 ina mdomo wa milimita 13. Ya Whitworth huitwa kwa unene wa bolti yenyewe. Yenu ya 5/16W ni ya bolti yenye kipenyo cha inchi 5/16, lakini mdomo wake ni inchi 0.600, yaani milimita 15.2. Ya 1/4W ina mdomo wa milimita 13.3, ya 3/8W milimita 18, ya 1/2W milimita 23.4. Gari la siku hizi lina nati za 10, 12, 13, 14, 17 na 19. Fundi akiweka 1/4W kwenye nati ya 13 inaingia ikichezacheza, akikaza inakula pembe za nati. Kwa kazi yake ana haki ya kuikataa. Ila spana si mbovu. Inangoja bolti yake.

Mkikuta mdomo mmoja umeandikwa 5/16W na 3/8BS kwa pamoja, msidhani ni kosa. BS hapo ni nyuzi laini za Kiingereza, yaani zilizokaribiana, na bolti ya inchi 3/8 ya nyuzi laini ina kichwa sawa na cha 5/16 Whitworth. Wakati wa vita vichwa vya Whitworth navyo vilipunguzwa saizi moja ili kuokoa chuma, kwa hiyo mwandiko huo wa pande mbili ulienea sana.

Nyuzi zenyewe zilikuwa na mtego mkubwa kuliko wa spana. Za Kiingereza zimekatwa kwa pembe ya digrii 55, za Marekani na za milimita kwa digrii 60. Kwenye saizi nyingi za nyuzi pana, Whitworth na Marekani wana idadi sawa ya nyuzi kwa inchi, kwa hiyo bolti ya Marekani huingia kwenye nati ya Kiingereza na kukaza, lakini inashika kwa ukingo tu. Kwenye barabara ya mashimo italegea. Saizi ya nusu inchi ndiyo inayojitangaza: Waingereza wana nyuzi 12 kwa inchi, Wamarekani 13, hivyo inazunguka mara mbili tatu kisha inang'ang'ania, na mwenye haraka huimaliza kwa nguvu. Jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa na malori ya Kiingereza na ya Kimarekani katika msafara mmoja. Kuchanganya ndoo za bolti lilikuwa kosa lisilosameheka katika karakana.

Sasa fita. Watu wengi humchanganya na makanika, na kijijini haikuwa na tofauti, lakini jeshini zilikuwa kazi mbili. Makanika wa magari alifungua, akabadilisha kilichoharibika, akafunga. Fita alifanya vipande vikubaliane. Akiletewa kipande kipya kisichokaa, alikikalisha kwa tupa, tindo, msasa na kipimo. Karibu naye alikuwa mkereza vyuma kwenye mashine ya kukereza, na wengine wengi: mhunzi, mchomeleaji, fundi umeme, fundi wa rejeta na mabati, fundi silaha, fundi wa vipimo na darubini, seremala, mshona turubai na viti, fundi rangi. Halafu mtunza stoo, ambaye mimi namhesabu kuwa fundi kamili, kwa sababu ambayo mtaiona tukifika Kongwa.

Hicho chuma cha pembe tatu ni kikwaruzo cha kukalishia beringi. Injini nyingi za zamani zilikuwa na beringi za bebiti, madini laini meupe yaliyomwagwa ndani ya ganda. Fita alipaka krenki rangi ya bluu kwa wepesi sana, akailaza kwenye beringi, akaizungusha kidogo, akaiinua. Palipobaki bluu ndipo palipojitokeza juu. Akapakwaruza, si zaidi ya unywele, akarudia. Mara kumi, mara ishirini, mpaka bluu ienee karibu uso mzima. Akikwaruza kupita kiasi mafuta yanakimbia, presha ya oili inashuka, injini inaanza kugonga. Akiacha imebana, bebiti inapata moto na kuyeyuka, na krenki inaharibika nayo. Mkono wa kazi hiyo haupatikani kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana jeshi liliwapima mafundi kwa majaribio ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, kila daraja na nyongeza yake ya mshahara. Mfumo huohuo wa madaraja matatu uliendelea katika vyuo vya ufundi vya Tanzania kwa miongo mingi baadaye, na wazee wenye vyeti vyake bado wapo Dodoma.

Karakana za jeshi zilivyopangwa ni jambo linalohitaji subira kidogo kulielewa. Mpaka 1942 jeshi la Uingereza lilikuwa limegawa ukarabati kwa vikosi tofauti: huyu na malori yake, yule na silaha na vifaru, mwingine na mitambo ya uhandisi. Mafundi walikuwa adimu na walipotea humo. Mkereza hodari angeweza kukutwa akilinda ghala. Kamati iliyoongozwa na William Beveridge ilichunguza matumizi ya mafundi jeshini, na tarehe 1 Oktoba 1942 kikaundwa kikosi kimoja cha uhandisi wa umeme na mitambo, REME. Afrika Mashariki ikapata chake kwa mfano huo, EAEME. Herufi hizo zikionekana kwenye cheti au kifungo cha babu yenu, swali lenu la alikuwa wapi limejibiwa.

Kazi iligawanywa kwa ngazi nne. Ya kwanza ilikuwa kwenye kikosi chenyewe: dereva na kikundi kidogo cha mafundi walioambatana na kikosi, wenye lori la zana na gari la kuvutia. Hawa walibadilisha plagi, mikanda, springi iliyokatika, klachi wakipata nafasi. Ya pili ilikuwa karakana ya brigedi, inayohama, yenye mashine ya kukereza ndani ya lori na jenereta yake. Hapo injini nzima ilitolewa na kuwekwa nyingine. Ya tatu ilikaa nyuma zaidi, sehemu moja kwa miezi. Ya nne ilikuwa karakana kuu, kama kiwanda, ambako injini ilifunguliwa mpaka bolti ya mwisho, matundu ya silinda kwenye bloku yakachongwa upya (kuboliwa) na krenki ikasagwa.

Mgawo huo ulifanya kazi kwa sababu ya uamuzi uliofanywa mlangoni. Gari likifika, mkaguzi aliamua mara moja: litatengenezwa hapa, litapelekwa nyuma, au limekufa na litanyofolewa spea. Karatasi ya kazi ikafungwa kwenye usukani. Mkaguzi aliyeshindwa kukataa kazi iliyozidi ngazi yake aliijaza karakana magari yaliyofunguliwa nusu, na gari lililofunguliwa nusu ni baya kuliko bovu, maana haliwezi hata kuvutwa.

Karakana kuu iliosha vipande kwa mafuta ya taa na kuvipima kimoja kimoja. Silinda hupimwa juu, kati na chini, na kwa pande mbili, kwa sababu hulika zaidi juu ambako ringi hugeukia na ambako vumbi huingia kwanza. Ikizidi kipimo, inaboliwa kuvaa pistoni kubwa zaidi kwa inchi 0.020, 0.040 au 0.060. Mkienda duka la spea leo mkasikia mtu anaomba pistoni saizi 20 au 40, ndiyo hesabu hiyohiyo, elfu za inchi. Ya 20 ni karibu milimita 0.50.

Mafundi wa Afrika Mashariki waliyabeba haya mpaka Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya Asia mwaka 1944, njia ikiwa matope matupu, na ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Hapo wahandisi wakajenga daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganisha, la futi 1,154 kuvuka mto Chindwin, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Kambi ya jeshi ya Tabora iliitwa Kalewa kwa kumbukumbu hiyo. Kwenye matope kama yale kazi kuu ni uokoaji wa magari, na kanuni yake inafaa mbuga yoyote ya Dodoma mwezi wa Januari: waya wa winchi ukipitishwa kwenye kapi lililofungwa kwenye gari lililozama na kurudishwa kwenye nguzo, nguvu inakaribia mara mbili na mwendo unakuwa nusu. Pasipo na mti, gogo linafukiwa kwenye mtaro wenye kina cha mita moja au zaidi, likikaa kukingama na waya, na waya ukitoka kwa mtaro mdogo ulioinama. Kina kikiwa kifupi gogo linachomoka. Na hakuna mtu anayesimama sambamba na waya uliokazwa. Ukikatika unarudi kama upanga.

Karakana za vita hazikuanza 1942 kwetu. Kwenye vita vya kwanza vya dunia Wajerumani, wakiwa wamezingirwa baharini, waliishi kwa ufundi. Manowari Königsberg ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, vifungio vyake vilivyotupwa mtoni vikatafutwa na kupatikana, na karakana ya reli ya Dar es Salaam ikatengeneza magari ya kuivutia nchi kavu. Mmoja ulifika mpaka Kondoa, ukawapiga Waafrika Kusini wa jenerali van Deventer mwezi Mei 1916. Meli Rubens ilipochomwa moto na kuzama ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, risasi zake ziliopolewa zikiwa zimelowa maji ya bahari. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Kazi ya namna hiyo inaharibika kwa chumvi: inabaki kwenye ganda, inavuta unyevu, na risasi inakataa kulipuka siku ambayo inahitajika.

Dodoma ilichukuliwa mwishoni mwa Julai 1916. Vichwa vya treni vilikuwa vimeondolewa au kuharibiwa na madaraja kulipuliwa, basi wahandisi wa Afrika Kusini wakayavua magari mepesi matairi na kuyavisha magurudumu ya reli, wakayapitisha kwenye reli ya kati ile yenye upana wa mita 1. Ni kazi ya mhunzi na mkereza: gurudumu lazima liwe na ukingo wa ndani, na umbali kati ya kingo hizo uwe sawa pande zote, la sivyo gari linapanda reli kwenye kona. Breki nayo hudanganya, kwa sababu chuma juu ya chuma hakishiki kama mpira juu ya udongo.

Sasa Kongwa, maana babu yenu alirudi kijijini mwaka mmoja tu kabla dunia haijahamia kwao. Mpango wa karanga, mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa mashine, ulianza 1947, ukakusudia kusafisha ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Hadi mwisho wa mwaka huo zilikuwa zimesafishwa kama 7,500. Mpango ulifutwa Januari 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Mvua, udongo na haraka ya wapangaji vyote vina sehemu yake, lakini nashikilia kwamba upande wa mashine Kongwa ni somo la karakana ya jeshi kuliko la kilimo. Mashine zilikuwa za vita, watu wengi walikuwa wa vita, hata meneja mkuu wa 1948, Desmond Harrison, alikuwa meja jenerali. Kilichokosekana ni zile ngazi nne.

Matrekta makubwa ya minyororo yalinunuliwa kutoka mabaki ya jeshi la Marekani Ufilipino, yakiwa yameshachoka. Kufikia karibu Septemba 1947 theluthi mbili ya yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Fikirieni trekta la Caterpillar la wakati ule. Injini yake ya dizeli haikuwashwa kwa betri. Ilikuwa na injini ndogo ya petroli ya silinda mbili pembeni. Dereva aliwasha ndogo, akaiacha ipate moto, akaiunganisha na kubwa huku mgandamizo umefunguliwa mpaka oili izunguke, kisha akafunga mgandamizo na kufungulia dizeli. Injini ndogo ikifa kwa kabureta chafu, dizeli nzima ya tani nyingi inakaa kimya ingawa haina ugonjwa wowote.

Chujio la hewa lilikuwa la bakuli la oili. Hewa inapita kwenye oili, vumbi linabaki. Kwenye vumbi la Kongwa bakuli hilo hugeuka tope kabla siku ya saa 10 haijaisha, na lazima limwagwe, lioshwe na kujazwa mpaka alama, si kupita alama, kwa sababu oili ikizidi inavutwa ndani ya silinda. Likiachwa siku tatu, vumbi lenye changarawe ngumu ya kwatzi linaingia kwenye ringi, na injini inaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Udongo huohuo ulimaliza majembe ya plau na minyororo. Pini na bushi za mnyororo wa trekta hulika upande mmoja. Zikifika nusu ya uhai wake hugeuzwa nusu duara zifanye kazi kwa upande ambao haujalika. Fundi asiyejua huzipaka oili akidhani anazisaidia. Oili na mchanga vinakuwa msasa, na mnyororo unaisha upesi zaidi kuliko ukiachwa mkavu.

Yalikuwapo pia matrekta ya Shervick, yaliyotengenezwa na Vickers kwa sehemu za kifaru cha Sherman. Wazo lilipendeza kwenye karatasi. Ila giaboksi ya kifaru imetengenezwa kukimbia na kugeuka, si kusukuma mbuyu kwa mwendo wa mtu anayetembea, kutwa nzima.

Na hapa namrudia mtunza stoo. Mashine zilitangulia, karakana na spea zikafuata nyuma kupitia bandari moja na reli moja, ambayo mafuriko ya Kinyasungwe yaliweza kuikata. Pasipo stoo iliyopangwa kwa namba, fundi hunyofoa kwenye mashine iliyosimama. Leo anachukua pampu, kesho mwingine anachukua rejeta, na mashine iliyohitaji gasketi moja inakuwa mifupa. Jeshi liliruhusu kunyofoa, lakini kwa mashine iliyotangazwa kufa na kwa maandishi ya kila kilichotolewa. Fita aliyefunzwa EAEME angejua hilo bila kuambiwa, na kama babu yenu aliajiriwa pale, alikuwa na uzoefu ambao mpango wote uliuhitaji.

Baada ya uhuru nitapita haraka. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na zana zake zikaja kutoka China na Urusi, zote za milimita, wakati malori ya Kiingereza ya awali yalikuwa bado barabarani. Karakana ikawa na seti tofauti za spana, na uchoraji wa rangi kwenye masanduku ya zana ukawa kinga ya kweli dhidi ya makosa. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliingiza magari ya mashirika na ya raia katika misafara ya jeshi, kila moja na spea yake. Mradi wa Nyumbu wa Kibaha, katika miaka ya 1980, ulikuwa jaribio la kujitengenezea lori letu wenyewe.

Kuhusu sanduku lenu. Lowesheni spana kwenye mafuta ya taa kwa siku nzima, msugue kwa brashi ya waya wa shaba. Msitumie grainda, inafuta maandishi, na midomo ikiguswa vipimo vinapotea. Futeni, pakeni oili ya injini kidogo. Kikwaruzo kifungeni kwenye kitambaa chenye oili, msikinoe. Sanduku msilipake rangi upya: jina au namba ya askari mara nyingi iko chini ya kifuniko, na hufifia, itazameni kwa tochi iliyoinamishwa ubavuni. Tafuteni cheti cha kuachishwa jeshi, maana huandikwa kazi na daraja la ufundi. Mkiwa na namba hiyo ndipo muulize Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Bila namba mtazunguka bure.

Spana za Whitworth zitafaa kwenye mashine za kusaga na pampu za zamani za Kiingereza, na kwenye trekta au Land Rover za miaka ya mwanzo. Na hiyo ya 3/8W, mkiwa nayo, mpeni fundi wa gereji aijaribu kwenye nati ya 18.